Mzee Saa Alimdai Marehemu Hadithi

Mchungaji aliuliza kama yupo anayemdai marehemu, ajitokeze aonane na familia. Pale uani watu waliinamisha vichwa wakaendelea kujipepea, maana jua la mchana lilikuwa limewakalia utosini na turubai la kukodi lilikuwa dogo kuliko msiba wenyewe. Kutoka safu ya mbele mkono mmoja ukainuka.

"Mimi namdai," alisema Mzee Saa. "Namdai hadithi."

Kuna waliokohoa ili wasicheke. Mchungaji, aliyezoea kusikia madai ya fedha na ya viwanja, alisita akamtazama dada wa marehemu. Dada huyo, Fundi, alisimama na kitambaa cha machozi mkononi, akasema mbele ya watu wote kwamba familia imesikia na italipa. Mzee Saa alishukuru, akaketi, akaendelea kujipepea.

Alichokuwa anajipepea nacho ndicho alichokuwa anakidai. Lakini hilo hakuna aliyelijua saa ile. Mzee hakuwa na miwani, na Fundi alikuwa na machozi.

Fundi alikuwa fundi cherehani, na jina hilo lilimshika mpaka kaka yake wa tumbo moja akawa anamwita hivyo hivyo. Yeye hakuolewa. Kaka alioa, akafiwa na mke mapema, hakutaka tena habari hizo. Wakaishi wawili katika nyumba waliyoachiwa na wazazi, Fundi chumba cha mbele na cherehani yake ya kukanyaga kwa mguu, kaka sebuleni na makaratasi yake.

Kaka alikuwa mrefu hata milango yote ya nyumba ile aliipita kwa kuinama, lakini watu walimwita Bwana Fupi. Jina lilitokana na maradhi yake ya hadithi fupi. Alipokuwa karani wa posta aliandika hadithi hizo na kuzipeleka kwa wachapishaji wakubwa wenye ofisi ghorofani, na kila mara alijibiwa kwa adabu kwamba hadithi ni nzuri ila hadithi fupi haziuziki. Alete riwaya, au bora zaidi alete kitabu cha shule. Alipostaafu akanunua mashine kuukuu ya kudurufu kwenye mnada, akalitoa kochi la marehemu mama yao sebuleni, akaiingiza mashine mahali pake. Shangazi yao alililia kochi lile kuliko wengine wanavyolilia mtu. "Watu wakistaafu wanafuga kuku," alisema. "Huyu anafuga karatasi."

Majirani waliiita kazi ile Chapa ya Sebuleni kwa kumdhihaki. Yeye akaona ni jina zuri, akaligonga kwenye jalada la kitabu cha kwanza.

Kila mwaka Chapa ya Sebuleni ilitoa mkusanyiko mmoja wa hadithi, na mwaka ukiwa na baraka ilitoa miwili. Waandishi walikuwa watu wa mtaani: mkunga, fundi bomba, askari magereza mstaafu, mama mmoja aliyewahi kukata tiketi kwenye sinema iliyokwisha kufungwa. Bwana Fupi aliamini kwamba kila mtu ana hadithi moja nzuri, shida ni kwamba wengi huizungushia mbaya nyingi mpaka haionekani. Alikuwa na uvumilivu wa kuisubiri. Alizigonga hadithi kwenye stensili kwa taipureta, akazizungusha kwenye mashine, akazikunja. Karatasi chache zilizopachikwa moja ndani ya nyingine aliziita mkunjo, na kitabu kizima kilikuwa mikunjo kadhaa, kila mmoja na rundo lake, yamepangwa mezani kutoka dirishani mpaka mlangoni. Hapo kazi ilihamia kwa Fundi. Alitia sindano nene ya kushonea turubai, akaipitisha mikunjo chini yake, akaishona mgongoni kwa uzi mweusi kama anayeshona kiuno cha suruali. Kuna vitabu vya maduka makubwa ambavyo ukivifungua vizuri vinamwaga kurasa. Vya Chapa ya Sebuleni ungeweza kumpiga navyo mbwa.

Lakini kazi yake kubwa haikuwa hiyo. Hadithi mpya ikiletwa, Bwana Fupi alivuta kigoda akaketi kando ya cherehani, akaisoma kwa sauti huku dada yake akiendelea kushona nguo za wateja. Mguu wa Fundi ukikanyaga mpaka neno la mwisho, hadithi ilirudishwa kwa mwenyewe pamoja na maneno ya kumtia moyo. Mguu ukisimama, hata kwa sentensi moja, hadithi imepita. Hapakuwa na kamati nyingine. Waandishi waliolijua jambo hilo walikuja kukaa kwenye benchi la wateja, na badala ya kumtazama msomaji walimkodolea Fundi mguu. Mmoja alileta kitambaa cha gauni akasema ni zawadi. Fundi alikishona wakati hadithi yake inasomwa, na gauni likaisha kabla ya hadithi.

"Wewe Fundi huna huruma," kaka yake alimwambia siku hiyo.

"Huruma ninayo. Mguu ndio hauna."

Mwaka wake wa mwisho kifua kilimkaba Bwana Fupi, akawa anapumua kama mtu aliyetoka kukimbia. Ndipo binti wa Mzee Saa alipomleta baba yake. Mzee Saa alitengeneza saa za mji mzima tangu Fundi yuko shule, na sasa alikuwa ameanza kusahau. Si kusahau kofia na funguo. Alikuwa anasahau watu. Binti alieleza kwamba baba ana hadithi moja, ya jinsi alivyomwoa mama. Zamani waliisikia mpaka wakachoka. Siku hizi anaianza halafu anapotea njiani, na siku akiifikisha mwisho nyumba nzima inashukuru. Aliomba iandikwe kabla haijaondoka yote.

Bwana Fupi hakutaka kupoteza muda wa kuandika kwa mkono. Alipachika stensili kwenye taipureta, akamwambia Mzee aanze, akagonga neno kwa neno huku mmoja anakohoa na mwingine anasubiri amalize kukohoa. Ilikuwa mojawapo ya siku zake nzuri, na Mzee alifika mwisho. Bwana Fupi akamshika mkono akamwahidi kwamba kabla hajahama atakuwa na kitabu chake, kimeshonwa. Kwa maana ilikwisha kuamuliwa kwamba Mzee angehamia mji mwingine, kwa mwanawe wa kiume, ambako kulikuwa na watu wengi wa kumwangalia.

Hadithi hiyo peke yake haikupita mbele ya cherehani. Bwana Fupi hakuwa tena na pumzi ya kusoma kwa sauti. "Hii nimeipitisha mwenyewe," alimwambia dada yake. "Utaisoma ukiwa unashona." Akaizungusha, akaikunja, rundo lake akaliweka la mwisho, pale karibu na mlango. Stensili akaitupa, kama alivyozitupa zote, kwa sababu wino wake ulichafua kila kitu. Haikupita wiki, Mungu akamchukua.

Wageni wa mbali walipokwisha kuondoka, Fundi alipiga moyo konde akaingia sebuleni ili ashone kitabu. Marundo yote yalikuwepo ila la mlangoni. Mahali pake palikuwa na alama ya mraba, safi, isiyo na vumbi. Alitafuta chini ya meza, nyuma ya mashine, hata chini ya kitanda cha marehemu, kisha akaenda jikoni alikokuwa Shangazi.

Shangazi, ndugu wa baba yao, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita meli, na tangu siku ya msiba alikuwa ameshika nyumba kama nahodha. Aliulizwa kuhusu makaratasi ya karibu na mlango. Alijibu bila kugeuka.

"Hayo niliwagawia watu wajipepee."

"Yote, Shangazi?"

"Wewe uliona watu walivyokuwa. Na yalitosha, hakuna aliyekosa." Alisema kwa fahari ya mtu aliyegawa vizuri. "Joto lile lingetuongezea maiti ya pili. Umekunjwa vizuri mno ule mzigo, unashikika mkononi, ukiupunga unatoa upepo kweli kweli."

Fundi aliuliza kwa sauti ndogo kama kuna yaliyobaki. Shangazi alisema yaliyoachwa kwenye viti aliwashia moto wa chai, mengine yaliondoka na watu. Na Mzee Saa je? Huyo alimpa la kwanza kabisa, kwa heshima ya umri. Aliliacha kwenye kiti. Lilishika moto vizuri.

Fundi alikaa chini palepale, mgongo ukutani, akashika tama. Ndipo Shangazi alipogeuka, akamwona, akazima jiko.

Jioni hiyo Fundi alikwenda kwa Mzee Saa, moyoni akitumaini kwamba Mzee angeweza kuisimulia tena. Hakulazimika kuuliza. Binti alimtoa nje akamnong'oneza kwamba jana baba aliianza ile hadithi mwenyewe, akafika pale mwanamke anapoingia dukani na saa, akanyamaza, halafu akamwuliza, "Huyu mwanamke ni nani?" Binti alijitahidi asilie. Alisema wanashukuru Mungu kwamba imekwisha kuandikwa. Gari la kumchukua baba litakuja Jumamosi asubuhi.

Fundi alirudi nyumbani kichwa kinamzunguka. Alikuwa mtu wa ibada, si wa maonyesho. Aliomba akishona, kimoyomoyo, na sala zake zilikuwa fupi kama vitabu vya kaka yake. Aliamini kwamba ahadi ya mtu humfuata aendako. Alimwona moyoni kaka yake, mrefu, ameinama kwenye mlango wa mbinguni kama kawaida yake, haambiwi apite kwa sababu kuna mzee mmoja bado anamdai. Picha hiyo haikumtoka. Alipiga magoti akasema, "Bwana, sijui niombe nini. Nionyeshe karatasi moja tu."

Asubuhi alimkuta Shangazi tayari amevaa viatu vya kanisani.

"Niligawa mimi, nitakusanya mimi," alisema Shangazi. "Unadhani nimesahau niliwapa nani? Sura zote ninazo."

Walizunguka mtaa. Shangazi alibisha hodi kwa nguvu, akaingia, akasalimia, akauliza, na kabla hajajibiwa macho yake yalikwisha kupekua chumba kizima. Kwa muuza karanga walichelewa kidogo tu: alikuwa amefungia karanga kwa karatasi zote za mkunjo ule na wateja wamekwenda zao, wametafuna, wametupa. Dereva wa lori aliiacha juu ya dashibodi ikapeperuka barabarani. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameipachika chini ya mguu wa kabati, ikanywa maji ya deki mpaka ikawa uji. Nyumba moja wajukuu walikuwa wamekunja ndege, na ndege moja ikaonekana juu ya bati. Shangazi alisimama chini akiamuru mpaka baba wa nyumba akapanda ngazi. Ulikuwa ukurasa wa jina la hadithi, na jina tu.

"Angalau tunajua inaitwaje," alisema Shangazi.

Fundi hakucheka. Ilikuwa Alhamisi tayari, na miguu ilikuwa imemvimba.

Kwa msusi walikwenda bila matumaini, kwa sababu tu nyumba yake iko njiani. Msusi alisikiliza, akakausha mikono, akafungua mtoto wa meza anamoweka vitana, akatoa mkunjo. Ulikuwa safi, kingo zimenyooka, umewekwa kati ya magazeti mawili ya mitindo. Fundi aliupokea kwa mikono miwili kama anayepewa mtoto.

Msusi alieleza kwamba alianza kuusoma palepale msibani, Mungu amsamehe, mchungaji anahubiri. Tangu hapo wateja wake hawataki redio. Kila anayeketi anaomba asomewe ya Mzee Saa. Fundi alikuwa anafungua kurasa, na alipofika katikati akakwama. Ukurasa wa kushoto ulikatika katikati ya sentensi, wa kulia ukaanza na sentensi nyingine kabisa. Karatasi ya ndani haikuwemo.

"Hiyo ya katikati aliondoka nayo mteja juzi," alisema msusi. "Ilikuwa zamu yake ikakatizwa na mvua. Akasema anaenda kumsomea mumewe, atairudisha."

Mume wa mteja alikuwa mlinzi wa ghala la saruji. Walimkuta nyumbani kwake amelala usingizi wa mchana, mkewe akamwamsha, akatoka na shati mkononi. Aliposikia wamefuata nini alivaa shati lake taratibu, akafunga vifungo vyote, akakaa.

"Sikupi," alisema.

Shangazi alivuta pumzi ya kuanzia vita, lakini mlinzi aliinua kiganja.

"Shangazi, nisikilize kwanza. Mimi nalinda ghala. Saruji haiibiwi ovyo ovyo, kwa hiyo kazi yangu ni kukaa na kuwaza. Mke wangu kaniletea karatasi hii haina kichwa wala miguu. Kuna fundi saa, anafungua saa ya mwanamke, anakuta pini ya nywele imechomekwa kwenye magurudumu. Anajua ni pini ya huyo mwanamke, maana siku ile kaja nywele upande mmoja zimeanguka. Anaitoa, hasemi kitu. Halafu na yeye analegeza skrubu moja kwa makusudi. Basi, karatasi imeisha. Sasa nauliza, pini iliingiaje? Skrubu ya nini? Naifikiria kazini, naifikiria nikila. Leteni mwanzo na mwisho, ndipo nitatoa katikati."

"Nilimwambia yule mwanamke anampenda," alisema mkewe, aliyekuwa anakunja nguo zilizotoka kwenye kamba.

"Na mimi nilimwambia yule ni mchawi."

"Mchawi ni wewe, unaiweka karatasi ya watu chini ya mto."

Fundi alimtazama mlinzi, akatazama mkunjo mapajani mwake. Zaidi ya mistari ile miwili ya katikati alikuwa hajasoma kitu. Alijiapiza kutoisoma mpaka ikamilike. Akamwomba mlinzi ailete karatasi tu, asimpe, aishike mwenyewe. Akaanza kusoma kwa sauti kama kaka yake alivyokuwa akisoma, bila haraka, bila kuigiza.

Ilikuwa ni hadithi ya msichana aliyepeleka saa kwa fundi kijana, saa ya nyumbani kwao, na fundi akaitengeneza. Baada ya wiki ikasimama, akairudisha. Ikatengenezwa, ikasimama tena. Mama yake msichana akasema fundi huyo ni bure, wampelekee mwingine. Msichana akasema hapana, tumpe nafasi. Kijana huyo alikosa usingizi, akadhani hajui kazi. Hapo mlinzi akainua karatasi yake bila kuambiwa, akaisoma yeye, pini na skrubu, kwa sauti nzito ya mtu aliyekwisha kuikariri. Kisha Fundi akaendelea. Msichana alipoona saa imesimama yenyewe, bila pini yake, alielewa. Alirudi dukani, akaiweka mezani, wala hakusema imeharibika. Alisema, "Nimekuja kuchukua pini yangu." Wakaoana. Saa ile iliharibika maisha yao yote ya ndoa, na fundi aliyetengeneza saa za mji mzima hakuwahi kuitengeneza ya kwake sawasawa. Walipokwisha kuzeeka ilikuwa bado ikisimama kila baada ya siku chache, na mkewe, kitandani, mgonjwa, alikuwa bado anamwambia, "Ipeleke kwa fundi." Naye anamwuliza, "Fundi yupi?" Mkewe anajibu, "Yule asiyejua kazi."

Fundi aliinua macho. Mke wa mlinzi alikuwa ameshika mkono wa shati, haukunji. Shati lilikuwa hewani, nusu limekunjwa, na mikono yake imesahau kazi. Fundi aliitazama mikono ile.

"Imepita," alisema.

"Nini imepita?" aliuliza Shangazi, akijifuta macho kwa mtandio na kuvuta kamasi.

"Hadithi."

Mlinzi alimpa karatasi kwa mikono miwili. Mlangoni alisema kwa aibu kwamba na yeye anayo moja, ya ghala, kuhusu paka. Fundi akamwambia ailete.

Siku iliyofuata hakushona nguo ya mteja yeyote. Alipachika stensili kwenye taipureta ya kaka yake na kugonga kwa vidole viwili, herufi kwa herufi, akinakili hadithi kama ilivyo bila kubadilisha hata nukta. Funguo za taipureta zilikuwa zimelika pale vidole vya marehemu vilipozoea kugonga, na mara nyingine aliacha kidole chake kikae hapo kidogo kabla ya kubonyeza. Shangazi alizungusha mpini wa mashine kwa mkono uliosuka mikeka na kubeba watoto, akilalamika kwamba wino umemwingia kucha, na alipoona karatasi inatoka na maneno juu yake aliishika mbele ya dirisha, akasema kwa mara ya kwanza kwamba anaona kwa nini kochi lilitolewa.

Nakala za kawaida zilishonwa na karatasi mpya. Lakini ile ya Mzee Saa, Fundi aliitia mkunjo wa msusi pamoja na karatasi ya mlinzi yenye mkunjomkunjo wa mto, kwa sababu hizo ziligongwa na aliyeahidi. Alipokanyaga cherehani, sindano nene ikazama kwenye karatasi kwa mlio anaoujua.

Jumamosi gari la mizigo lilikuwa limekwisha kusimama mbele ya nyumba ya Mzee, godoro juu, sufuria ndani ya beseni. Mzee alikuwa kwenye kiti barazani, amevalishwa koti na kofia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni nani vile?"

"Dada wa Bwana Fupi. Nimeleta hadithi uliyokuwa unamdai."

Mzee aliitikia kwa kichwa kwa adabu ya mtu asiyeelewa. Alikipokea kitabu, akakipindua, akapapasa uzi wa mgongoni kwa kidole cha fundi, akamrudishia. Macho hayafai tena, alisema. Fundi akaketi kwenye ngazi ya baraza akasoma. Mzee alisikiliza kama anasikiliza habari za watu wa mbali. Msichana alipotajwa hakutikisika. Moyo wa Fundi ulikuwa mzito, lakini aliendelea, akijiambia kwamba ahadi ilikuwa kitabu, na kitabu kimefika. La zaidi ni la Mungu.

"...akaishusha saa ya ukutani, akaifunga kwa kanga, akaipeleka kwa fundi..."

"Hapana," alisema Mzee.

Fundi aliacha kusoma.

"Saa ya mezani. Ukutani ingekaaje? Ilikuwa na miguu ya shaba, mmoja umepinda, ndiyo maana aliifunga kwa kanga, isiukwaruze mkono wake." Alikuwa ameinama mbele, kofia imesogea. "Kanga ya bluu. Naye alikuwa mwembamba, na saa ilikuwa nzito, akaibwaga mezani kwangu puu, akasema, wewe ndiye fundi au ni mtoto wa fundi?"

Hilo halikuwemo kitabuni. Binti alikuwa ametokea mlangoni na birika mkononi. Alibaki hapo hapo, kizingitini.

Mzee aliendelea mwenyewe. Fundi alifuatisha kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa, na kila Mzee alipoanza kupotea alimsomea maneno mawili matatu, naye akashika njia tena. Alicheka kwenye pini. Kwenye skrubu aliona haya, akatazama kama kuna anayemsikia. Alipofika kitandani mwa mgonjwa sauti yake ilibadilika ikawa ya mwanamke, nyembamba, ya mzaha. "Yule asiyejua kazi," alisema, akaegemea kiti, akashusha pumzi ndefu.

Dereva wa gari, aliyekuwa anawaharakisha, alikuwa ameegemea mlango wa gari lake, hana haraka tena.

"Aliyeandika hii yuko wapi?" aliuliza Mzee baadaye.

"Alifariki, Mzee."

"Nilikuwa namdai."

"Ndiyo, Mzee."

Mzee alikichukua kitabu, akakitia ndani ya koti upande wa moyo, akalifunga kifungo. "Basi simdai tena. Na lile kosa la saa, mwambie nimemsamehe."

Fundi alirudi nyumbani kwa miguu. Njiani alitaka kuomba, kama alivyozoea, akaona hana cha kuomba. Alimshukuru Mungu tu, akapita duka baada ya duka akimshukuru. Alimwona tena kaka yake mlangoni, na safari hii hakuzuiwa. Aliinama kidogo, kama kawaida yake, akapita.

Shangazi alikuwa sebuleni amekaa katikati ya nakala zilizobaki, akipangusa wino. Alitaka kujua Mzee amesemaje. Fundi alimweleza yote, mpaka saa ya mezani. Shangazi akashika kiuno.

"Sasa vitabu vyote hivi vimesema ukutani. Tuvifute kwa kalamu, kimoja kimoja?"

"Acha, Shangazi," alisema Fundi, akivua viatu. "Hilo limeshasamehewa."

Akaenda chumbani, akajilaza mchana kweupe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba, na usingizi ukamchukua kabla hajajifunika.